Wafu wa Chumba cha Jirani

Kwetu kaburi huchimbwa asubuhi ya siku ya maziko, na wachimbaji ni vijana wa jirani. Hawaitwi kwa majina na hawalipwi. Mtu hupita njiani akipaza sauti, na kijana anayesikia huchukua jembe au sepetu akaenda. Wazee hukaa uwanjani juu ya majani ya migomba, wanawake hulia ndani, na hakuna anayekwenda nyuma ya nyumba kukagua kazi. Kukagua kaburi ni utovu wa adabu. Nimeishi Tukuyu karibu maisha yangu yote, na hadi kufikia umri wa kuota mvi sikuwahi kuona jambo hilo likienda vinginevyo.

Kwa hiyo siku ninayoieleza hapa watu walikosa hata la kunong'ona. Ibada ilikwisha, jeneza likatolewa, likabebwa hadi kwenye migomba nyuma ya nyumba, na pale tukakuta shimo linalofika magotini na wanaume wawili wenye mvi wakichimba humo. Walikuwa wamefika asubuhi kupima tu. Walipoona vijana hawaji walianza wenyewe, na waliona aibu kuja uwanjani kusema. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri.

Marehemu alikuwa mke wa mzee mmoja mkulima wa kahawa, upande wa Kawetele, ambaye sote tulimwita tata, yaani baba. Jeneza liliwekwa juu ya viti viwili, mtu akalifunika kwa turubai. Tuliokuwa na nguvu tulivua makoti tukaingia shimoni. Mzee alisimama upande wa kichwa, bila mwavuli, mkono mmoja juu ya turubai, mpaka tulipomaliza. Ilikuwa karibu jioni. Hakumtazama yeyote kati yetu, na sisi tuliokuwa tukichimba tulishukuru kwa hilo.

Vijana walikuwa kwa jirani yangu.

Jirani huyo alikuwa mjane Mwislamu ambaye marehemu mumewe aliuza vitambaa. Soko lilipofunguliwa na mitumba ikaingia kwa marobota, vitambaa vilikaa rafuni mpaka vikapauka, na mume akafa kabla hajajua auze nini badala yake. Mjane alipomaliza eda alikwenda Tunduma, akarudi na runinga kubwa iliyotumika pamoja na mashine ya gemu. Aliviweka katika chumba kilichokuwa duka, akapanga mabenchi, akaziba dirisha kwa blanketi zito ili mwanga usiharibu picha. Vijana walilipia kwa nusu saa. Mimi zamani nilikuwa mtunza stoo wa kampuni ya umma, hadi ilipouzwa na sisi tukapunguzwa. Tangu hapo nauza vipuri vya baiskeli barazani kwangu. Kutwa nilikuwa nikisikia breki, risasi na ving'ora kutoka chumba kile. Nilidhani ni filamu.

Asubuhi ya maziko chumba kilijaa kwa sababu ya mvua. Mpiga mbiu alipita barabarani akaita kama desturi. Lakini bati lilikuwa likipigwa na mvua, blanketi lilikuwa dirishani, na sauti ya runinga ilikuwa juu. Vijana walijua kuna msiba, ila walidhani maziko ni kesho yake. Alasiri mmoja wao alitoka kununua ndizi za kuchoma, akaambiwa na muuzaji. Walikuja mbio. Walipofika tulikuwa tumebakiza kusawazisha chini tu, na mzee hakuruhusu hata mmoja wao ashike jembe.

Matanga yalipokwisha, mwenyekiti wa kitongoji aliitisha kikao cha wazee. Wengi walitaka chumba kifungwe siku ile ile. Mzee mwenyewe, ambaye ndiye aliyekosewa, alisema maneno machache.

"Mfunge au msifunge, hayo ni yenu. Mimi kwanza nataka kukiona hicho kilichokuwa kizuri kuliko mke wangu."

Mwenyekiti aligeuka akanitazama.

"Wewe unayesomasoma vitabu," alisema, "nenda ukakijue ni kitu gani. Jumamosi tutakuja wote kutazama, na wewe utatueleza."

Jioni ile jirani alikuja barazani kwangu, akakaa juu ya kreti, mtandio wake umelowa mabegani.

"Wakinifungia, kaka, narudi Kyela. Nikale kwa mke wa kaka yangu."

"Kaka yako ni mtu mwema."

"Nimekutajia kaka? Nimekutajia mke wake," alisema. "Na huyu wangu aliyelala hapa, nimwachie nani?"

Mumewe alizikwa Tukuyu, katika makaburi ya Waislamu, na kila Ijumaa alikwenda kung'oa majani. Nilimwambia kesho nitakuja kujifunza.

Aliyenifundisha alikuwa muuguzi aliyehamishiwa kwetu kutoka Kigoma, mwanamume wa makamo, mpole, ambaye kila mtu alimwita dokta kwa sababu alivaa koti jeupe. Alikuwa akija chumbani saa za mapumziko yake na kucheza kwa utulivu kama mtu anayekunywa chai. Nilipoingia vijana walisogeana kunipa nafasi.

"Shikamoo, mzee. Umekuja kuiba magari?"

"Marahaba. Nimekuja kutazama."

"Wote huanza hivyo," sauti moja ilisema gizani.

Gemu lenyewe lilikuwa mji. Nasema mji kwa maana kamili: barabara, madaraja, maghorofa, ufuko, jua linalochwa, mvua inayokuja na kukatika. Mchezaji humwongoza mwanamume mmoja mwenye fulana, naye humwona kwa mgongo, kama mtu anayemfuata nyuma. Sidii ilikuwa ya kunakili, haikuwa na kijitabu cha maelezo, kwa hiyo kila kilichojulikana pale kilikuwa kimegunduliwa na wachezaji wenyewe na kupokezanwa kwa mdomo.

Kilichonishtua kwanza hakikuwa damu. Nilikuwa nikijua bao, drafti na karata, na kila mchezo niliujua kwa mambo mawili, unaanza lini na unakwisha lini. Huu haukuwa na haraka ya kwisha. Kulikuwa na kazi, zilizotolewa na majambazi na kuonyeshwa kwa alama kwenye ramani ndogo pembeni, lakini hakuna aliyekulazimisha. Ungeweza kusimama kwenye kona kutwa. Muuguzi aliniambia mara nyingine hufanya hivyo.

Kisha akasimamisha gari la kwanza lililopita, akafungua mlango, akamvuta dereva kwa shati akamwacha amekaa barabarani, akaingia, akaondoka.

"Gari la nani hilo?" niliuliza.

Chumba kizima kilicheka.

"Lilikuwa lake," muuguzi alisema kwa upole.

Ndani ya gari redio ilikuwa ikicheza. Ilinichukua muda kuelewa kwamba huo ndio wimbo aliokuwa akiusikiliza yule aliyetupwa nje, na kwamba sisi tulikuwa tukiumalizia. Niligeuka kutazama kama kuna mwingine aliyeliona hilo. Hakuna.

Ukivunja sheria, nyota hutokea juu ya kioo cha runinga. Nyota moja humleta polisi wa miguu. Zikiongezeka huja magari, kisha helikopta. Nilidhani hapo kuna haki kidogo. Lakini muuguzi, akiwa na msururu wa polisi nyuma yake, aliingiza gari katika karakana ya rangi. Mlango ulishuka, ukapanda, gari likatoka la kijani badala ya jekundu, na polisi wale waliokuwa wakimtazama usoni wakageuka kila mmoja na njia yake. Dereva ni yule yule, fulana ni ile ile, na vioo vya gari havikutiwa giza. Nimefanya kazi ya stoo miaka mingi, na najua jinsi mali inavyopotea kwa kubadilishwa lebo tu. Sikuwahi kuona mtu akifundisha jambo hilo kama burudani.

Na mchezaji mwenyewe akiuawa, kioo hufifia, kisha huonekana amesimama nje ya hospitali, mzima, amepungukiwa fedha kidogo na silaha zake zote.

"Ingekuwa hivyo," muuguzi alisema, "mimi nisingekuwa na zamu."

Nilirudi siku zilizofuata, nikakaa pembeni, nikatazama kwa utaratibu, mtaa kwa mtaa. Nilitafuta shule sikuiona. Nilitafuta watoto. Kulikuwa na wazee, wanawake wenye mikoba, walevi, wanaokimbia mazoezi, lakini mtoto hata mmoja hakupita. Nilimuuliza muuguzi.

"Hawapo. Wangekuwepo wangegongwa. Waliotengeneza wameona aibu hapo."

Nililifikiria jibu lile hadi nyumbani, na mke wangu alinisemesha mara kadhaa bila kupata neno. Maana yake ni kwamba mahali fulani watu wazima walikaa mezani, wakapanga nani anaweza kuuawa kwa mchezo, wakafika kwa watoto wakasimama. Walijua kabisa walichokuwa wakikitengeneza. Makaburi nayo hayakuwepo. Mji mkubwa kiasi kile, na hakuna mahali pa kumlaza mtu.

Siku moja kijana wa Kisondela, aliyekuja mjini kuuza maparachichi, alishika pedi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea. Alikuwa akiendesha vizuri, akakata kona, akamgonga mwanamke mmoja aliyekuwa akivuka. Chumba kizima kikasema kwa sauti moja, bila hasira:

"Simama."

Alisimama. Alitoka garini, akaenda hadi kwenye mwili, akakaa pale. Nyota ikatokea. Polisi akaja anakimbia. Kijana hakukimbia. Alikamatwa, akapoteza bunduki alizohangaikia asubuhi nzima.

"Imekula kwako," wakamwambia, wakampigapiga begani. Pedi ikapokewa na mwingine.

Nilimuuliza jirani ni nini kile. Alikuwa mlangoni akimenya viazi.

"Wiki ya kwanza walikuwa wanakanyaga watu na kucheka," alisema. "Mimi ndiyo kwanza nimetoka eda. Nikawaambia, katika chumba changu maiti haachwi barabarani peke yake. Ukimgonga mtu unasimama naye mpaka gari la wagonjwa lije. Usiyetaka, toka."

"Na walikubali?"

"Walilalamika siku mbili. Siku ya tatu wakaanza kusimamishana wenyewe."

Kwa kuwa kusimama kulimgharimu mchezaji muda wake na silaha zake, vijana wale walikuwa wamejifunza kuendesha kwa uangalifu ambao sijauona kwenye barabara yetu ya lami. Walisimama kwenye taa nyekundu. Tukuyu nzima haikuwa na taa ya barabarani, lakini mle chumbani kila mtu alijua nyekundu ni nini. Niliona nimepata utetezi. Nilipanga maneno yangu: kwamba gemu ni ovu, ila watu wetu wamelitia desturi yao, na desturi hiyo ni ya msiba. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyekamilisha hesabu.

Jumamosi wazee walikuja, wakakaa kwenye mabenchi, miavuli katikati ya magoti. Jirani aliwapa chai. Muuguzi ndiye aliyeshika pedi, kwa sababu alikuwa mwangalifu kuliko wote. Aliendesha mtaa mmoja, akasimama kwenye taa, akapisha mtu, akaendelea.

"Mbona anaendesha kama mchungaji?" mwenyekiti aliuliza, na wazee wakacheka kidogo.

"Waonyeshe kinachotokea mtu akigongwa," nilisema.

Muuguzi alisita. Hakuwa amewahi kumgonga mtu kwa makusudi mbele ya watu. Kisha akapandisha gari njia ya miguu, akamgonga mwanamume aliyebeba mfuko. Nilisikia wazee wakivuta pumzi. Mmoja alifunika mdomo kwa kofia. Muuguzi alitoka garini, akasimama karibu na mwili, nami nikaanza kueleza: hapa, wazee wangu, kila mchezaji analazimika kusubiri, na kanuni hii imewekwa na mama mwenye nyumba.

King'ora kikalia. Gari la wagonjwa likafika, wakashuka wawili wenye nguo nyeupe, wakapiga magoti, wakamkandamiza yule mtu kifuani. Naye akainuka. Akasimama, akatazama huku na huku, akaenda zake.

Nilikuwa nimeliona hilo mara nyingi sana, na nilikuwa nimeacha kuliona.

Mzee aliyefiwa alinyanyuka kwenye benchi. Alikwenda mbele mpaka uso wake ukapata rangi ya kioo.

"Rudia," alisema.

Muuguzi alinitazama. Alirudia. Safari hii alikuwa mwanamke. Alianguka, wale wawili wakaja, wakapiga magoti, akainuka, akaondoka kwa mwendo wake wa awali.

"Huyo alikuwa amekufa?"

"Amekufa, mzee."

"Na sasa?"

"Anaendelea na safari yake."

"Hata hakuwashukuru," mzee alisema. Kisha akamgeukia muuguzi. "Wewe, dokta. Ulikuwepo siku ile mke wangu alipoletwa. Mlimkandamiza hivi hivi."

"Ndiyo, mzee."

"Mikono ile ile, mahali pale pale."

"Sisi hatuwezi hivi, mzee," muuguzi alisema. Alikuwa ameweka pedi chini. "Tunajaribu tu."

Mvua ilikuwa imeanza tena. Mzee alichukua mwavuli wake, akasimama mlangoni, akasema bila kugeuka:

"Mwenyekiti, mimi neno langu ni moja. Wafanyeni wafu wabaki wafu. Mama huyu akiweza hilo, sina kesi naye. Akishindwa, afunge."

Mwenyekiti alimwambia jirani kwamba amesikia, na kwamba Jumamosi ijayo wataamua. Hakuna mzee aliyejua kuwa jambo lile halikuwa mikononi mwa jirani. Kwao mashine ilikuwa kama redio: mwenye nayo huzungusha kitufe. Nilipojaribu kueleza kwamba wafu wale wamepangwa na watu wa mbali, mwenyekiti alisema kwa subira, "Basi wapangeni upya," akatoka.

"Tujaribu," jirani aliniambia.

Nilijaribu kama ninavyojaribu kila kitu, jambo moja kwa wakati mmoja. Nilijifunza kushika pedi. Vidole vyangu vilivyozoea spoku na nati viliielewa upesi kuliko nilivyotaka. Tuliondoka na kumwacha maiti, tukarudi: hayupo, hata doa halipo. Tuliiba gari la wagonjwa lenyewe: likaja jingine. Tulizuia barabara kwa lori: wale wawili walishuka wakaja kwa miguu. Tulimgongea mtu milimani, nje ya mji, ambako gari la wagonjwa halifiki, tukasimama naye. Alififia mbele ya macho yetu, kama ukungu unavyoondoka kwenye majani ya chai, na majani yakabaki. Vijana walikuwa wameegemea mbele kwenye mabenchi. Sidhani kama waliwahi kumtazama maiti wa gemu kwa muda mrefu hivyo.

"Kuna njia moja," muuguzi alisema hatimaye. "Sikutaka kuisema."

Alichukua pedi, akatoa bunduki, akampiga mpita njia kichwani. Sitaeleza kilichoonekana. Gari la wagonjwa likaja. Wale wawili wakashuka, wakamsogelea, wakainama, wakasimama, wakarudi garini.

"Wa hivi hawamgusi," muuguzi alisema. "Wanajua."

Niliomba pedi. Jambo lililotokea mara moja laweza kuwa bahati, na mimi nilikuwa na kikao cha kujibu. Nikampiga mmoja. Wakaja, wakainama, wakaondoka. Nikampiga mwingine, wakaondoka. Nikampiga wa tatu, mzee mwenye fimbo, na walipogeuka kurudi garini nilijisikia nikifurahi. Nilikuwa nimepata jibu. Lilikuwa limethibitika. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbele cha chumba kile, miguu nimeitanua, natafuta wa nne.

"Kaka," jirani alisema nyuma yangu, taratibu. "Toka kwenye hicho kiti."

Nilitoka. Viganja vyangu vilikuwa vimelowa jasho, na siku ile kulikuwa na baridi ya sweta.

Kijana mmoja alikuwa tayari amelielewa jambo lile kwa upande wake. "Basi imekwisha, mama," alisema kwa nia njema kabisa. "Tupige vichwa tu. Si ndivyo mzee anavyotaka? Wabaki wamekufa."

Wengine waliitikia. Walikuwa na moyo wa kumsaidia. Niliwatazama nyuso zao, wale waliosimamishana kwa sauti moja, na sikuona hata mmoja aliyeona kasoro.

Jirani alinivuta nje. Tulisimama chini ya upenu.

"Ukimwambia mzee imewezekana, chumba kinabaki," nilisema. "Haulizi namna."

"Najua."

"Ukimwambia haiwezekani, unakwenda Kyela."

"Najua, kaka. Nahesabu tangu dokta alipofyatua." Alikuwa akiikunja ncha ya mtandio na kuikunjua. "Mwambie yote. La kwanza mpaka la mwisho. Kama nafungiwa, nifungiwe kwa kinachojulikana."

Jumamosi kikao kilikaa uwanjani kwa mzee, karibu na migomba ambako udongo ulikuwa bado umeinuka. Vijana walikuja pia wakasimama nyuma, hakuna aliyewaambia waje. Nilieleza yote kwa mpangilio niliofanya, pamoja na milima na lori. Nilipofika kwenye bunduki mwenyekiti alitazama chini. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kidevu juu ya mkongojo.

"Kwa hiyo," alisema, "ili afe sawasawa, lazima auawe vibaya zaidi."

"Ndiyo, tata."

"Na hawa wako tayari kufanya hivyo. Kwa ajili yangu."

"Wako tayari."

Aliwageukia vijana, kwa mara ya kwanza tangu maziko. "Mko tayari?"

Hawakujua jibu lipi ndilo la adabu. Kijana wa Kisondela alisema, "Ukisema, tata."

Kuku walipita katikati yetu. Nilimwona jirani, aliyekaa pembeni na wanawake, ameshika magoti yake kwa mikono miwili.

"Mwacheni aamke," mzee alisema. "Sitaki jambo hilo lifanywe kwa jina la mke wangu. Aamke aende zake, huko kwao ndivyo walivyo. Lakini kuna hili. Huyu bwana alitueleza kwamba mle ndani mnasimama na maiti, ni desturi, ni kitu kizuri. Na mimi nikakubali ni kizuri, mpaka nilipofika nyumbani nikalala nikafikiri. Siku ile mlikuwa mmesimama na nani?"

Hakuna aliyejibu.

"Mke wangu alikaa juu ya viti. Mvua inanyesha. Na ninyi mmesimama kwenye msiba wa mtu atakayeinuka. Basi msisimame tena. Kusimama ni kwa mtu. Na lile blanketi litoke dirishani, mtu akiitwa asikie. Nimemaliza. Mama, sina kesi na wewe. Ndaga, asanteni."

Mwenyekiti alisema imepita. Jirani aliinama, akafunika uso kwa mtandio. Baadaye njiani alinishika mkono wa koti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaniachia mara moja.

Blanketi lilitoka siku ile ile. Mwanga ukaingia, picha ikapauka, vijana wakalazimika kusogeza mabenchi karibu. Chumba hakikufungwa, na hakuna aliyekwenda Kyela.

Wiki iliyofuata nilipita na kuchungulia dirishani. Niliwajua wote waliokuwa mle, na kwa dakika kadhaa sikuweza kuuelewa mchezo waliokuwa wakiucheza. Gari lilikuwa likienda juu ya njia ya miguu, kutoka kona hadi kona. Watu walikuwa wakiruka kama mahindi kwenye kikaango, na chumba kilikuwa kikicheka. Taa nyekundu ilipita, na nyingine. Hakuna aliyesema lile neno la "Simama." Mzee alikuwa amewakataza, nao walikuwa wakitii. Muuguzi hakuwemo. Nilipokutana naye hospitalini aliniambia alijaribu mara moja, akasimama kwa mazoea, vijana wakamwambia, "Songa, dokta, mzee kasema," akawapa pedi yao.

Wateja waliongezeka. Walikuja hata watu wa kule Masoko, siku za gulio, wakisubiri zamu nje chini ya upenu.

Jirani alikuwa amehamisha kiti chake. Zamani alikaa ndani, ukutani, akiwatazama wanaocheza. Sasa kiti kilikuwa kizingitini, kimeelekea barabarani, naye alikaa hapo kutwa, mgongo wake ukiwa kwenye runinga, akimenya viazi au bila kumenya chochote. Mbiu ilipopita, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisikia katika mtaa wetu, na kabla haijafika kona alikuwa amekwisha kuzima umeme.

Nilisimama naye siku moja. Nyuma yake mtu aliigiza kelele za mpita njia wa gemu aliyegongwa, kisha wengine wakacheka.

"Unajua wanafanya nini humo siku hizi?" nilimuuliza.

Hakugeuka.

"Mimi nasikiliza barabara, kaka," alisema.